Ng'ombe wa Upinzani

Haya, kaeni vizuri. Aliye na kidole puani akitoe. Hadithi hii ina jibini ndani yake, na jibini halitaki mchezo.

Zamani sana, kule Amerika, palikuwa na nchi changa iliyoitwa Tufahani. Usiitafute kwenye ramani. Mimi nimeitafuta mpaka macho yakaniuma.

Nchi hiyo ilikuwa mpya kabisa. Watu wake walikuwa wamemfukuza mfalme wao juzijuzi tu. Mfalme aliondoka amenuna, akasahau soksi zake kwenye kamba.

Huko aliishi msichana mdogo, jina lake Ketura. Ketura alikuwa na umri wa miaka sita. Alikuwa na mapengo mawili, babu mmoja na ng'ombe mmoja.

Ng'ombe huyo aliitwa Bashasha. Alikuwa mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alikula majani, alikula maganda ya matufaha, na alikula chochote kilichosogea karibu na mdomo wake.

"Umeamkaje, Bashasha?" Ketura alimwuliza kila asubuhi.

"Mooo," alisema Bashasha. Hakuongeza neno.

Sasa, nchi isiyo na mfalme inahitaji mtu wa kuiongoza. Tufahani ilikuwa na Rais. Jina lake Rais Amazia.

Rais Amazia alikuwa mmoja wa wale walioianzisha nchi. Ndiye aliyeandika karatasi yake ya kwanza, kwa unyoya wa bata. Karatasi ilisema: WATU WOTE NI SAWA. Wino uliobaki ulimwagikia suruali yake.

Ili kumpata Rais, watu walipiga kura. Kulikuwa na vyama viwili. Chama cha Jembe kilimtaka Amazia. Chama cha Kijiko kilimtaka mtu mwingine, mnene, mwenye sauti nzuri.

Kijijini kwa kina Ketura, watu wote walichagua Jembe. Wote kabisa! Isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Babu Eliakimu, babu yake Ketura.

"Mimi ni Kijiko," alisema Babu. "Nani amewahi kunywa uji kwa jembe?"

Siku moja, Mchungaji Zefania alipanda juu ya pipa katikati ya kijiji. Mchungaji Zefania alikuwa na sauti kubwa. Akinong'ona, kuku waliruka.

"Ndugu zangu!" alisema. "Tumpelekee Rais wetu zawadi!"

"Zawadi gani?" wakauliza watu.

"Jibini!"

Watu wakatazamana. Jibini? Jibini si unaweza kuliweka mfukoni?

"Jibini kubwa!" akasema Mchungaji. "Kubwa kuliko jiko! Kubwa kuliko kitanda! Kila ng'ombe wa kijiji hiki atoe ndoo moja ya maziwa!"

Watu wakarusha kofia juu. "Jembe juu! Kijiko chini! Jembe juu! Kijiko chini!"

Ketura alikimbia nyumbani, mbio mbio mbio. "Bashasha! Rais atakula maziwa yako!"

"Mooo," akasema Bashasha. Hakuongeza neno. Lakini aliacha kutafuna kidogo, na kwake hilo si jambo dogo.

Ketura akamwogesha. Akamchana mkia. Akamsugua pembe mpaka zikang'aa. Alifurahi mno, hata akasahau kula.

Kesho yake ng'ombe wote walipanga foleni kwa ajili ya kuandikishwa. Mbele alikaa karani wa kijiji, Bwana Pelatia, na daftari lake kubwa.

"Jina la ng'ombe?" akauliza Bwana Pelatia.

"Asali."

"Chama?"

"Jembe."

"Pita!"

"Jina la ng'ombe?"

"Kidotidoti."

"Chama?"

"Jembe."

"Pita!"

Ikafika zamu ya Ketura. "Shikamoo, Bwana Pelatia."

"Marahaba. Jina la ng'ombe?"

"Bashasha."

"Chama?"

Ketura akamtazama Bashasha. Bashasha akamtazama Bwana Pelatia.

"Mooo," akasema Bashasha. Hakuongeza neno.

"Mooo si chama," akasema Bwana Pelatia. "Babu yako ni Kijiko. Kwa hiyo ng'ombe wake ni Kijiko." Akaandika kwa herufi kubwa: MPINZANI.

"Lakini yeye hajapiga kura!" akasema Ketura.

"Hajapiga kwa sababu hana vidole," akasema Bwana Pelatia. "Angekuwa navyo, je?"

Foleni nzima ikageuka kutazama kwato. Hakuna aliyewahi kulifikiria jambo hilo.

Mchungaji Zefania akainama, akajaribu kusema polepole. Kuku wawili tu waliruka. "Mwanangu," alisema, "maziwa ya upinzani yatalifanya jibini liwe bishi. Tutaliambia, jibini, kaa hapa. Litasema, sikai."

Watu wakatikisa vichwa. Jibini bishi! Nani anataka jibini bishi?

"Jembe juu! Kijiko chini!" wakaimba. "Jembe juu! Kijiko chini!"

Ketura akamvuta Bashasha wakaondoka. Machozi yakamtoka, moja la jicho hili, moja la jicho lile. Bashasha alikuwa amesafishwa mpaka kwato, na sasa ilikuwa kazi bure.

Lakini Ketura hakuwa mtoto wa kukata tamaa kabla ya chakula cha mchana.

Alasiri akarudi na ng'ombe. Ng'ombe huyo alikuwa amevaa shali ya maua. Alikuwa amefungwa jembe kichwani.

"Jina la ng'ombe?" akauliza Bwana Pelatia.

"Bibi Jumapili," akasema Ketura.

"Chama?"

"Si unaona? Jembe analo kichwani."

Bwana Pelatia akavaa miwani. Akasogea karibu. Akasogea karibu zaidi, na daftari lake mkononi.

Ulimi mrefu ukatoka. Chwaap! Ukurasa wa kwanza ukaondoka. Tafu, tafu, tafu. Ukurasa wa pili ukafuata.

"Huyu ni Bashasha!" akapiga kelele Bwana Pelatia. "Anakula serikali! Mtoeni!"

Wakatolewa, yeye na shali yake.

Jioni Babu alikuwa anakoroga uji. Ketura akakaa karibu na moto, kidevu juu ya magoti.

"Babu," akasema. "Huwezi kuwa Jembe kwa siku moja tu? Kesho tu. Kesho kutwa urudi."

Babu akaacha kukoroga. Alimhurumia sana mjukuu wake, ikamuuma moyoni.

"Kusema naweza, mjukuu wangu," alijibu. "Ila nitakuwa nadanganya. Kura yangu ni yangu. Lakini maziwa si yangu. Maziwa ni ya Bashasha. Mimi sijawahi kutoa maziwa hata tone."

Ketura akamwazia Babu akikamuliwa. Akacheka huku bado analia. Kisha akaanza kuwaza.

Asubuhi akaamka mapema, akamkamua Bashasha. Chuuu, chuuu, chuuu. Ndoo ikajaa. Akaibeba kwa mikono miwili mpaka uwanjani, kwenye mtambo wa kukamulia matufaha. Jibini lingetengenezwa hapo, kwa sababu hapakuwa na chombo kingine cha kulitosha.

Ndoo za watu zilikuwa zimepangwa. Ndoo tisini na tisa, zote za fundi mmoja kama ya Ketura, zote zimejaa. Ketura akaiweka ya kwake katikati. Kisha akakaa chini akangoja.

Bwana Pelatia akaja kuhesabu. "Tisini na saba, tisini na nane, tisini na tisa... mia?" Akakuna kichwa. "Mbona mia?"

Ketura akanyoosha mkono.

"Moja ni ya Bashasha," alisema. "Nimeiweka mimi. Itafuteni. Mkiipata, nitairudisha nyumbani. Na sitalia."

Lo! Kijiji kizima kikakimbilia ndoo.

Bwana Pelatia akainama kwenye ndoo, akatega sikio. "Hii inanong'ona!" alisema. Lilikuwa povu tu, linapasuka. Psi, psi, psi.

Mchungaji Zefania akasimama mbele ya ndoo. "JEMBE JUU!" alinguruma, aone maziwa yapi yatakasirika. Maziwa yote yakatikisika kwa sababu ya sauti. Yote yakatulia pamoja.

Fundi wa viatu akaonja kila ndoo, kijiko kwa kijiko. Alipofika ya sitini akalala chini, tumbo juu. "Zote ni maziwa," akasema, akafumba macho.

"Basi tumwage yote," akasema mtu mmoja.

"Thubutu!" wakasema wenye ndoo tisini na tisa.

Hapo Mchungaji Zefania akapata wazo. "Tutengeneze jibini hivyo hivyo," alisema. "Tulipeleke kwa Rais. Rais amesoma vitabu vyote. Atakiona kipande cha Kijiko, atakikata, atakitupa!"

"Jembe juu! Kijiko chini!" wakaimba watu.

Ketura akaogopa. Akikitupa je? Maziwa ya Bashasha yatupwe kwenye matope, mbele ya watu wote?

Ndoo zikamwagwa. Mwaaa! Mwaaa! Mwaaa! Maziwa yakapashwa moto, yakaganda. Mtambo ukakaza. Watu wanane wakakaa juu yake, na mmoja akapanda na mke wake. Kriiiik!

Likatoka jibini. Mungu wangu, lile jibini! Lilikuwa refu kuliko Ketura. Kulizunguka ulihitaji kupumzika njiani.

Likakaa likakomaa mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha wakalipandisha kwenye mkokoteni wa farasi sita. Ketura akapanda nyuma na Babu. Babu alisema anakwenda kumlinda mtoto. Kwa kweli alitaka pia kuona.

Safari ilichukua siku kumi. Mbwa wa kila kijiji waliwafuata. Harufu ya jibini haikuwasubiri. Yenyewe ilifika kwa Rais siku mbili kabla yao.

Ko, ko, ko! Bwana Pelatia akabisha hodi kwenye nyumba kubwa nyeupe.

Mlango ukafunguliwa na mzee mrefu. Alivaa ndara zilizochakaa, kidole gumba kikichungulia nje. Alikuwa ameziba pua.

"Karibuni," alisema. "Nimewangoja tangu juzi. Mimi ndiye Amazia."

"Shikamoo, Mheshimiwa Rais," akasema Ketura.

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, leteni jibini ndani."

Wakasukuma. Jibini halikupita mlangoni. Wakalilaza. Halikupita. Mchungaji Zefania akaliomba kwa adabu. Halikupita.

"Basi nitoke mimi," akasema Rais. Akatoka nje na ndara zake.

Bwana Pelatia akampa kisu kirefu. "Mheshimiwa," alisema, "humu ndani kuna maziwa ya ng'ombe wa upinzani. Tafadhali kitafute kipande chake, ukikate, ukitupe."

"Ng'ombe wa nini?" akauliza Rais.

"Wa upinzani, Mheshimiwa."

Rais akalizunguka jibini mara tatu. Akalitazama kwa kioo cha kukuzia. Akaingia chini ya mkokoteni, akatoka na majani kwenye nywele. Akaligonga jibini. Ko, ko, ko. "Nani yumo humu?" akauliza. Jibini halikujibu.

"Nani mwenye ng'ombe huyo?" akauliza Rais.

Ketura akasogea mbele. "Ni mimi."

"Kipande chake kiko wapi?"

Ketura angeweza kusema hakipo. Angeweza kusema kililiwa na mbwa. Akalitazama lile jibini, akalitazama tena.

"Kiko kote, Mheshimiwa," alisema. "Maziwa yalichanganyika."

"Kote kote?"

"Kote kote."

"Sasa nikitupa la Kijiko?"

"Utakuwa umelitupa lote," akasema Ketura. "Utabaki na mkokoteni."

Rais akaanza kucheka. Akacheka mpaka ndara moja ikamtoka. Kisha akawageukia watu.

"Mimi niliandika karatasi," alisema. "Niliandika nini?"

"Watu wote ni sawa!" wakajibu.

"Na ng'ombe?"

Watu wakatazama viatu vyao.

"Niliwasahau ng'ombe," akasema Rais. "Kosa langu. Wino ulikuwa umehamia kwenye suruali." Akavaa ndara yake. "Na huyo mwenyewe, mpiga kura wa Kijiko, amekuja?"

Babu Eliakimu akatokea nyuma ya farasi, kofia mkononi. "Ni mimi."

"Mzee mwenzangu, hukunipigia kura?"

"Sikukupigia, Mheshimiwa."

"Na uchaguzi ujao?"

Watu wakashika pumzi. Bwana Pelatia akafumba macho. Ketura akalivuta koti la Babu, akalivuta sana.

"Ujao pia sitakupigia," akasema Babu.

Farasi mmoja akakohoa.

Rais akainua kisu. Akakata kipande cha kwanza cha jibini, kikubwa kama mto wa kulalia. Akakishika kwa mikono miwili. Akampa Babu.

"Kaa hapa karibu nami," alisema. "Hawa wananiambia kila siku kwamba mimi ni mzuri. Wewe niambie ninapokosea."

Babu alikuwa na mengi ya kusema. Alianza na barabara, akaenda kwenye shule, akaja kwenye madaraja. Rais alitafuna na kusikiliza. "Hapo umenipata," alisema. "Hapo sikubali." "Hapo nipe muda." Wakaongea mpaka jua likashuka.

Watu wote wakala jibini. Bwana Pelatia akala kidogo, akangoja kuona kama tumbo litaanza kubisha.

"Unajisikiaje?" Ketura akamwuliza.

Bwana Pelatia akajisikiliza. "Najisikia nimeshiba," akasema kwa mshangao.

Rais Amazia alifanya mambo mengi maishani mwake. Alijenga shule. Alitengeneza kiti cha kuzunguka, kikamwangusha. Lakini ukienda kijiji kile ukawauliza watu alikuwa nani, watakuambia kwanza habari ya kipande cha Babu.

Walirudi nyumbani siku ya kumi, jioni. Ketura alikimbia moja kwa moja mpaka zizini. Akamkumbatia Bashasha shingoni, akamnong'oneza yote: kisu, ndara, kipande kikubwa. "Rais amekula maziwa yako," alisema. "Watu wote wamekula."

Hodi! Mlangoni pa zizi alisimama Bwana Pelatia. Hakuja na daftari. Alishika kikombe kitupu, na masikio yake yalikuwa mekundu.

"Ketura," alisema, "nimekuja kuomba maziwa kidogo. Ya chai."

"Ya ng'ombe gani?"

Bwana Pelatia akatazama juu, akatazama chini. "Ya Bashasha," alisema. "Kama hatajali."

Ketura akachuchumaa, akakamua. Chuuu, chuuu, chuuu. Akamjazia kikombe mpaka juu kabisa. Hakumwuliza yeye ni chama gani.

Kisha akapiga miayo, akaenda kulala.